Nimegombania Boksi la Hesabu na Mama Muuza Maandazi

Leo nimejiaibisha kanisani. Kanisani! Mbele ya mchungaji, wazee na kwaya nzima ya akina mama. Hapa nilipo nimejaa hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nawakasirikia wote.

Kwanza mnielewe. Mimi shule niliishia kidato cha pili. Hesabu nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mtumba, vya kuokota, vingine havina hata jalada. Chumba changu hapa Igogo hakina kabati la nguo, ila kina rafu ya hesabu. (Nguo ziko kwenye ndoo. Msiulize.) Nikipata kitabu cha zamani chenye penseli ya mtu aliyehangaika na swali hilohilo kabla yangu, silali. Nafurahi kama nimepata mtoto.

Sasa adui yangu. Mama Kulwa, anauza maandazi kona ya kwetu, na anayafunga kwa kurasa za vitabu. Vya hesabu! Juzi kanipa mawili ndani ya ukurasa wa milinganyo, swali limechanwa katikati, jibu kaondoka nalo mteja mwingine. Nikawaka.

"Mama, shikamoo, lakini hii ni dhambi!"

"Marahaba. Dhambi gani? Andazi limeiva hilo."

"Karatasi, mama! Unachana hesabu!"

"Kwani hesabu haishiki andazi?"

Ndo maisha yetu ya kila asubuhi. (Bado nanunua kwake. Ni matamu, nifanyeje?)

Haya, leo. Ibada imeisha, tukatoka nje kwenye mnada kama kawaida, vitu watu walivyoleta kama sadaka: kuku, maboga, trei za mayai. Mara mzee wa kanisa anayenadi akanyanyua boksi. Kuna mwalimu mstaafu kahamia Geita kwa binti yake, kaliachia kanisa vitu vyake vya kufundishia. Mzee akaanza kutoa kimoja kimoja. Bikari kubwa ya mbao, ile ya kuchorea duara ubaoni. Kitabu cha majedwali ya logi. Halafu rula ile yenye kipande cha katikati kinachoteleza, watu waliyopigia hesabu kabla ya kikokotoo. Mimi hiyo rula nimeiona kwenye picha tu! Nikashika kichwa. Jirani akaniuliza kama naumwa.

Nikataja bei ya boksi zima. Nani mwingine anataka bikari Jumapili? Nikajua nimeondoka nalo.

"Naongeza!"

Sauti ya nyuma. Nageuka. Mama Kulwa!

Damu ikapanda. Nikaona rula inachochea mkaa, logi zimebeba maandazi. Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza, tena anatabasamu! Akina mama wa kwaya vigelegele, mzee anayenadi anacheza kabisa. Kanisa linaingiza hela, nani atusimamishe?

Uvumilivu ukaniisha. Nikapanda juu ya benchi. (Ndiyo, na viatu.)

"Mama Kulwa una roho mbaya! Wewe hesabu unazijulia wapi? Unataka kufungia maandazi! Mwalimu wa watu kafundisha maisha yake yote, leo vitabu vyake vikaishie kwenye mafuta yako machafu? Sikubali! Mzee, andika hela yangu yote, ya mfukoni na ya nyumbani!"

Kwaya ikaacha vigelegele. Hata kuku wa mnada walinyamaza.

Mama Kulwa akakaa taratibu. "Basi. Mpeni."

Nimeshinda! Nikanyanyua boksi juu kama kombe. Natembea kwa maringo, na watu nawaangalia mmoja mmoja. Hapo ndipo yule mzee, na maiki yake, akauliza, "Na Mama Kulwa, ulikuwa unamnunulia nani?"

(Kwetu mtu ananunua kuku mnadani halafu anamzawadia bibi aliyekaa mbele, au mgeni. Nimekulia humo! Kwa nini sikuwaza?)

Mama Kulwa akasimama, akarekebisha kitenge.

"Nilikuwa namnunulia huyohuyo. Kila asubuhi ananigombeza kwa ajili ya karatasi. Nikasema leo nimpe boksi zima, apumue, na mimi nipumue."

Jamani. Mchungaji alicheka mpaka akashikilia ukuta! Mimi nimeshindana na zawadi yangu mwenyewe. Kila nilipoongeza, nilikuwa najipandishia bei ya kitu cha bure. Mimi, mtu wa hesabu! Na hakuna mpuuzi hata mmoja aliyenivuta shati.

Nikamfuata, nikapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Mama, nisamehe."

"Nyanyuka, ng'wanawane, mwanangu, unachafua suruali. Boksi ni lako, mimi sina neno." Akaanza kuondoka, akarudi. Sasa macho yana machozi. "Ila mafuta. Umesema mafuta yangu machafu mbele ya wateja wangu wote."

Hapo ndo nilipokufa.

Sasa hivi niko chumbani. Rula inateleza vizuri, nimezidisha mbili kwa tatu ikanipa sita, nusura nilie. Lakini hasira haijaisha, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mafuta ya Mama Kulwa ni safi. Kesho asubuhi nasimama pale kona natangaza kwa sauti, na wote mliokuwepo mnadani nataka niwaone kwenye foleni. Mimi nichekeni, ruksa. Ila mwenye neno kuhusu yale mafuta aniambie tu anakaa wapi.