Mashine Inayojiendesha na Barua ya Dereva

Ninayo heshima kuutaarifu umma kwamba Idara yetu ya Ustawi wa Mazao ndiyo ya kwanza kuchagua mashine ya kumwaga mbolea na kunyunyizia dawa bila kuruhusu mtu yeyote anayejua kilimo auvuruge mchakato. Nasema hivi nikiwa Katibu wa Kamati Maalumu ya Uteuzi. Wajumbe tulikuwa saba: wawili wa itifaki, wawili wa mawasiliano, mpambaji wa ukumbi, mimi, na Mkurugenzi mwenyewe akiwa mwenyekiti.

Haja ilikuwa ya kweli. Viwavi walikuwa wameingia kwenye mahindi ya shamba la Idara, na kila asubuhi majani yaliamka na matundu mapya. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mashamba ya majirani, waliokuwa wakituomba tuwadhibiti viwavi hao kabla hawajavuka. Trekta letu kuukuu, lililokuwa likikokota pipa la dawa, lilikuwa limekufa injini.

Tulikaa vikao tisa. Muuzaji akaleta mashine tatu uani. Ya kwanza tuliikataa kwa sababu ngazi yake ilikuwa fupi na Mgeni Rasmi asingeonekana vizuri akipanda. Ya pili ilikuwa na kiti kigumu. Mjumbe mmoja wa itifaki alikikalia dakika ishirini, akashuka na taarifa ya kurasa nne. Ya tatu ilikuwa imeinuka juu kama imesimama kwenye vidole, mikono yake ya kunyunyizia imekunjwa ubavuni, pipa la mbolea mgongoni. Mpambaji akasema rangi yake inaendana na mapazia. Ikapita.

Dereva wa trekta, mama mmoja tuliyezoea kumwita Mama Gia, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Samahani, wakubwa. Mahindi yamefika kiunoni. Tumbo la hii mashine litapita bila kuyavunja? Na magurudumu yanaingia kwenye mistari yetu?"

"Tumbo liko juu, mama," muuzaji akamjibu. "Na magurudumu unayasogeza, nje au ndani, kwa..."

Mkurugenzi akamkatiza kwa upole. "Tusiingie kwenye ufundi. Tutapoteza umoja."

Kisha akachukua kijitabu cha maelezo, akasoma maneno ya jaladani mara mbili: mashine inayojiendesha. Akavua miwani.

"Inajiendesha," akasema. "Sasa dereva wa nini?"

Muuzaji akaeleza kwamba maana yake ni kuwa ina injini yake, haikokotwi na trekta. Maelezo hayo sikuyaingiza kwenye muhtasari, kwa kuwa yalitolewa wakati Mkurugenzi ameshaanza kutabasamu.

Kesho yake Mama Gia akapewa barua. Nafasi ya dereva ilikuwa imefutwa kwa ajili ya kuongeza tija, naye akahamishiwa ghalani kukunja magunia matupu. Niliipiga chapa mwenyewe. Aliisoma palepale akiwa wima, akaikunja mara nne.

"Miaka kumi na moja, Katibu."

"Idara inathamini mchango wako," nikamjibu, maana ndivyo ilivyosema aya ya tatu.

"Na viwavi?"

"Wamewekwa kwenye mpango kazi."

Aliniangalia kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu, kisha akaenda ghalani.

Siku ya uzinduzi ilifana. Waziri, Mgeni Rasmi wetu, alikaa chini ya turubai, hatua chache tu kutoka kwenye mahindi. Muuzaji alishachanganya dawa na maji. Mkurugenzi akahutubia dakika hamsini, akieleza kwamba kitu kilichopangwa vizuri hakihitaji mtu wa kukisukuma. Mwisho akaigeukia mashine, akainyooshea kidole.

"Anza kazi."

Mashine haikuanza. Tulipiga makofi, kwa sababu ratiba ilisema hapo ni makofi. Akarudia kwa sauti ya kiofisi zaidi. Patamu hapo. Waziri akamuuliza muuzaji kulikoni.

"Inamtaka dereva, Mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

Watu wakamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi. Mimi nikalitazama faili.

Mama Gia akaletwa, vumbi la magunia limemjaa nyweleni. Hakuisogelea ngazi.

"Mimi nilifutwa, Mheshimiwa. Nikipanda nikavunja kitu, nitaulizwa nilipanda kama nani?"

Mkurugenzi akaomba wiki mbili za kuitisha kamati. Waziri alikuwa ameyasogelea mahindi, akilipekua jani. Kiwavi mnene akamdondokea kwenye mkono wa shati. Akamtazama akitambaa kuelekea kwenye saa.

"Mwandikie sasa hivi," akasema.

Mkurugenzi akaandika kwa mkono, karatasi ikiwa juu ya gurudumu, kwa kalamu yangu. Mama Gia akaisoma bila haraka.

"Hapa umeandika msaidizi wa mashine. Mimi ni dereva."

Mkurugenzi akafuta, akaandika dereva.

Mama Gia akapima mistari kwa hatua, wakasogeza magurudumu yeye na muuzaji, akavaa kinga ya uso, akapanda. Mikono ya mashine ikafunguka taratibu juu ya mahindi. Jirani mmoja akaifuata kwa upande wake wa uzio, jembe begani, mpaka ilipogeuza. Ndipo akashusha pumzi na kurudi kulima. Hadi alasiri, nusu ya shamba ilikuwa imepata dawa.

"Muda wote huu ulikuwa unafanya nini?" Waziri akamuuliza Mkurugenzi.

"Nasimamia, Mheshimiwa."

"Ungekuwa hupo, kazi ingesimama?"

Mkurugenzi akafikiri sana. Kwa hilo ninamheshimu. "Isingesimama," akasema.

Wiki iliyofuata nafasi ya Mkurugenzi ilifutwa kwa ajili ya kuongeza tija, naye akahamishiwa uani, chini ya dereva. Alikuja na suti. Mama Gia akampa glavu na ndoo, akamwonyesha nozeli, vile vitundu vinavyotoa dawa, na namna ya kuzifungua.

"Zote?"

"Zote arobaini na nane. Moja ikiziba, mstari mzima unaliwa."

Akachuchumaa. Baada ya nozeli tatu akauliza kama isingefaa kuunda kamati ndogo.

"Osha, baba," Mama Gia akasema.

Akaosha. Ya kumi na saba akaiinua kwenye mwanga, akaiona imeziba, yeye mwenyewe akamwita Mama Gia aje aone. Nilitoa daftari ili niandike muhtasari wa tukio hilo. Mama Gia akaniuliza kama mikono yangu ina kazi nyingine. Haikuwa nayo.