Bingwa wa Mieleka Nyuma ya Gereji

Jumatano, 2 Julai 2003

Matusi! Jirani yangu Zaidi amesimama mlangoni mwa banda lake la gemu, ng'ambo ya barabara, akawatangazia vijana kwamba gemu langu la mieleka ni la watu wasio na akili. Ati unabonyezabonyeza tu. Ati gemu lake la mpira ndilo linalotaka kichwa. Vijana wakacheka, wakaingia kwake. Bandani kwangu alibaki Tluway, fundi wa gereji iliyo mbele yangu, na yeye alikuja kuazima stuli.

Sikunyamaza. Mimi Clemensi si mtu wa kunyamaza. Niliacha Machame nikaja Karatu kuongoza watalii, na kazi hiyo niliachishwa kwa sababu hiyohiyo ya kutonyamaza. Mtalii alisema kitu kile bondeni, ndani ya kreta, ni jiwe, mimi nikashikilia ni faru. Tulilisubiri linyanyuke mpaka geti likakaribia kufungwa. Lilikuwa jiwe. Lakini nilisimamia neno langu.

Basi nikavuka barabara, nikamwambia Zaidi mbele ya watu: pambano siku ya Saba Saba, kwa gemu la mieleka, bandani kwangu. Kila banda lilete bingwa wake. Banda litakaloshindwa lifungwe mpaka Agosti iishe. Akauliza kwa nini tucheze gemu langu na si lake. Nikamjibu kwamba aliyetukana chakula ndiye anayepaswa kuonja. Watu wakapiga kelele. Akakubali!

Jambo moja sikulisema. Chumba hiki cha banda langu ni stoo ya dada yangu Margareth, na vitunguu vyake vya Mang'ola viko njiani. Alishaniambia siku akikuta chumba hakina wateja, anajaza magunia. Kwa hiyo sishindwi.

Alhamisi, 3 Julai

Ukungu tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Nimefanya mazoezi hivyo hivyo.

Niandike ukweli kuhusu gemu hili, maana wanaolitukana hawalijui. Ubora wake mkubwa: unaweza kumtengeneza mwanamieleka wako mwenyewe. Nimetengeneza mmoja, nimemwita Faru wa Kreta. Kifua kama mlango wa lori. Suruali ya kijani. Nimetafuta pua inayofanana na yangu, haimo. Upungufu huo nimeusamehe.

Mapungufu mengine ni madogo. Gemu linachelewa kufunguka, unaweza kubandika chai ikachemka. Watazamaji ni bapa kama waliokatwa kwenye boksi. Mtangazaji anajua sentensi chache tu, na ile anayoipenda anaipigia kelele hata wakati hakuna kitu kilichotokea. Refa anatembea kama mzee anayetafuta miwani. Lakini ukimnyanyua mtu juu ukamtupa chini, ulingo unatikisika, na moyo wako pia. Mpira una kitu kama hicho? Hauna.

Kisha nimetengeneza mwingine. Mwembamba, kipara kinang'aa, bukta ya waridi. Nguvu nimemshushia mpaka mwisho kabisa. Nimemwandika jina: Zaidi. Siku ya pambano nitasema kwa unyenyekevu kwamba kila banda litumie mwanamieleka niliyeliandalia. Nimecheka peke yangu mpaka Tluway akachungulia kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 4 Julai

Ushindi umejileta wenyewe!

Zaidi alikwenda kuswali. Asmaa, binamu yake anayemsaidia bandani, akavuka kuja kwangu. Amemaliza kidato cha nne, mpole, haongei sana. Akasema kaka yake Zaidi hajawahi kushika gemu la mieleka na anaona aibu kuuliza. Akaomba nimwelekeze yeye, ili akamwelekeze.

Mtu wa kawaida angemfukuza. Mimi nikamwekea stuli.

Nimemfundisha vyote kinyume. Kitufe cha kupiga nimemwambia ni cha kukimbia. Cha kukaba nimemwambia ni cha kushangilia. Kile cha kuzuia, ambacho mtu akikishikilia anasimama tu kama nguzo, nimemwambia ndicho kitufe cha kipigo kikali kuliko vyote, akibonyeze bila kuchoka, hasa akiona adui anamjia. Akasikiliza kwa adabu. Akarudia maneno yangu yote. Akasema, "Asante sana, kaka Clemensi, Mungu akuzidishie."

Nilijisikia vibaya kidogo. Imepita.

Jumamosi, 5 Julai

Pigo. Faru wa Kreta hapandi kamba. Nimegundua leo kwamba gemu hili halimruhusu mtu mzito kupanda juu ya kona, na mbinu yangu yote ni kupanda kona na kumwangukia mtu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa mwanamieleka mwepesi. Nani alitunga sheria hii? Faru akitaka kupanda, apande!

Tluway akanishauri nimpunguze uzito. Nikamwambia sikondeshi faru kwa ajili ya Zaidi, muuza soda. Akasema basi nicheze na mtu wa kweli, nimzoee, maana mashine si binadamu. Akajitolea yeye. Nikamwambia mikono yake ina grisi. Ukweli ni kwamba wiki iliyopita alinishinda, na siku hizi silihitaji jambo hilo.

Nimebuni mbinu mpya: kumkaba mtu, kumnyanyua, kumtupa. Kumkaba, kumnyanyua, kumtupa. Nani atainuka?

Jumapili, 6 Julai

Kanisani nilimwomba Mungu ushindi wa wastani, nisionekane nina tamaa.

Baada ya ibada Margareth akaniambia lori la vitunguu linafika Jumanne. Akasema pia kwamba aliona ajabu, mwanamume mzima mwenye ndevu anapigana kwa vidole gumba. Nikamwuliza kama aliona ajabu pia aliponipa televisheni ninayotumia. Akasema hakunipa, niliiomba kwa siku mbili, na tangu hapo anasikiliza tamthilia yake kupitia ukuta wa jirani.

Nikamwambia kesho Karatu nzima itamjua kama dada wa bingwa. Akasema yeye angetosheka na kujulikana kama mwenye stoo.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Naandika kwa hasira.

Banda lilijaa mpaka dirishani. Madereva wa magari ya watalii waliegesha. Hata Metui, mzee wa Kakesio aliyeleta ng'ombe mnadani, alisukumana akaingia, na fimbo yake ikanikaa mbavuni pambano zima.

Nikatangaza kwamba Faru ni wangu, na mwenye jina la Zaidi ni wao. Kipara na bukta ya waridi vilipotokea, watu walicheka mpaka wakakohoa. Zaidi naye akacheka! Kisha akarudi nyuma, akamsogeza mbele Asmaa. Nikapinga. Akanikumbusha maneno yangu mwenyewe: kila banda lilete bingwa wake. Umati ukasema ni kweli. Nikawaza, afadhali. Huyu nimemfundisha mimi.

Kengele. Faru akamwendea kipara, akamkaba. Asmaa akabonyeza kitufe cha kuzuia. Kipara akageuka, akampindua Faru chini.

Bahati mbaya, nikasema. Nikainuka, nikamkaba tena. Akabonyeza. Nikarushwa juu ya kamba, nikaanguka nje karibu na ngazi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitufe cha kuzuia, ukikishikilia, unasimama kama nguzo. Lakini ukikibonyeza wakati uleule unapokabwa, unaligeuza shambulio kwa aliyelileta, na nguvu hazihesabiwi kabisa. Nilikijua kipengele hiki. Nilikisahau kwa kuwa mimi sizuii, nashambulia! Na nilikuwa nimemwambia akibonyeze bila kuchoka, hasa akiona namjia.

Ningeweza kusimama mbali nisimguse. Tluway alinipigia kelele nisimame. Lakini Faru asimame mbele ya bukta ya waridi, watu wote hawa wakitazama? Nikamwendea. Nikamwendea tena. Mtangazaji akaipigia kelele sentensi yake, na safari hii ilistahili.

Mara moja nilimlalia kipara, akawa hajiwezi. Refa akanasa kwenye kona, anatembea huku haendi. Nilimlalia mpaka kidole kikaniuma, refa bado anatafuta miwani yake. Kipara akaamka. Akanigeuza. Akanilalia yeye, na refa akaja mbio kama ameitiwa pilau.

Nikasimama kudai pambano lirudiwe, maana huyu binti alikuwa anabonyeza kitufe kimoja tu, na huo si mchezo. Asmaa akanitazama kwa upole, mbele ya wote.

"Lakini kaka Clemensi, si wewe uliyenifundisha kwamba hiki ndicho cha kipigo kikali?"

Wote wananisubiri. Ningesema nini? Kwamba nilimdanganya?

"Ndiyo," nikasema. "Nilikufundisha mimi."

Wakanipigia makofi. Metui akanipa mkono, akasema mwalimu mwenye moyo kama wangu hajapata kumwona. Nilitamani ulingo unimeze.

Jumanne, 8 Julai

Vitunguu. Magunia hadi darini. Macho yananitoka machozi, na yeyote atakayesema nalia nitamjibu.

Zaidi alikuja taratibu, kofia mkononi. Akasema tangu jana vijana wanamwuliza mieleka, hawataki tena mpira peke yake. Akaomba niipeleke mashine bandani kwake, tufanye kazi pamoja, yaishe. Nikamwambia mieleka haiombi hifadhi kwa mpira. Akaniachia soda, akaondoka. Nimeinywa. Haina maana yoyote.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelala nikawaza, nikaamka na jibu. Aibu yangu ilitokea kwenye gemu langu, basi heshima yangu nitaichukulia kwenye gemu lake! Nimevuka barabara, nimemtangazia Zaidi: Jumapili, mpira, mimi na Asmaa. Nikishinda, banda langu linafunguliwa, vitunguu viende popote. Nikishindwa, mashine yangu ni yake. Zaidi akaniuliza mara mbili kama nimefikiri. Nikamwambia kufikiri ni kwa waoga.

Gemu la mpira sijawahi kulicheza. Lakini Asmaa, binti mwenye utu, amejitolea kunielekeza mwenyewe, bila kuombwa. Hana hila hata chembe. Jioni nzima nimekifanyia mazoezi kitufe alichonionyesha cha kufunga goli. Mpira kila mara unarudi kwa kipa wangu, lakini amenihakikishia kwamba mabingwa wote huanza hivyo.

Zaidi ajiandae.