Ng'ombe wa Wasiokimbia

Vikizitha Shezi alikwenda kwa kinyozi kunyolewa tu, akatoka na biashara. Wapo watu wa namna hiyo. Ukiwapeleka mazishini wanarudi na mchumba.

Kiti cha jirani alikuwa amekaa mzee Mabaso, mwenye kampuni ya mazishi, tajiri kuliko wote hapa Eshowe, povu limemjaa shavuni. Habari ya mji ilikuwa moja: watu wa televisheni wamepiga mahema nyuma ya vilima, wanarekodi tamthilia ya mfalme Cetshwayo na Waingereza waliokuja kuimega nchi yake. Mabaso alijitapa mpaka kinyozi akawa anakifukuza kidevu chake.

"Baba wa babu yangu alisimama peke yake mbele ya bunduki mia! Wasipomwonyesha huyo, wanarekodi nini?"

Vikizitha akamtazama kwenye kioo. Shida yake yeye ilikuwa ng'ombe. Alimpenda Zibuyile binti Magubane mpaka usingizi ukamhama, na mzee Magubane alikuwa ametamka neno moja: ng'ombe kumi na mmoja, wenye kwato, kabla jua la Jumamosi halijatua. Pesa za bahasha hazitaki. Jumamosi ikipita, kuna mwalimu wa Empangeni amekwishatuma washenga. Na mali yote ya Vikizitha ilikuwa viatu vizuri na ulimi.

Kesho yake akaingia ofisini kwa Mabaso amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, filimbi shingoni, kwapani bunda la karatasi lenye jalada jeusi. Ndani yake ilikuwamo orodha ya bei za vipuri vya trekta, lakini nani angeomba kuifungua?

"Mntungwa," akaanza, akimwita kwa sifa ya ukoo wake, kwa sauti ya kuleta tanzia. "Mimi ni mwandishi msaidizi wa tamthilia. Naomba ufunge mlango."

Mlango ukafungwa.

"Ukurasa wa themanini na nane. Vita vimepamba moto. Baba wa babu yako..." Akafumba macho. "Anatupa ngao."

"Anaitupa wapi?"

"Chini, mzee wangu. Halafu anakimbia. Halafu anapanda mti."

"Mti!"

"Tena wa miiba. Kwa hiyo analia."

Mabaso akajishika kifua. "Nani kaandika uchafu huo?"

"Wakubwa wa Johannesburg. Roho imeniuma, nikasema, mzee huyu amezika nusu ya wilaya, leo azikwe yeye na televisheni? Ukurasa unaandikika upya. Ila wale hawagusi pesa, pesa ina ushahidi. Wanataka ng'ombe wa kutumia kwenye picha. Ukitoa mmoja, babu anasimama."

"Na nikitoa wawili?"

"Anasimama na anasema maneno."

Mabaso akatoa wawili.

Kwa siku nne Vikizitha akampitia mwenye mabasi, mwenye bucha, mwalimu mkuu mstaafu na wengine wenye vitambi na majina. Kila mmoja babu yake alikuwa mtini. Na uzuri wa kazi hii, ambao hata sisi tusiopenda wizi hatuna budi kuuvulia kofia, ni kwamba hakuna aliyeweza kwenda polisi. Akaseme nini? Kwamba ametoa ng'ombe ili babu yake asikimbie? Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa kila mtu alikuwa anaosha wake kimyakimya.

Jumamosi asubuhi ng'ombe kumi na mmoja wakaingia katika zizi la Magubane. Kwa desturi bwana harusi hakanyagi penye maongezi ya mahari. Anatuma washenga, yeye anasubiri mbali. Lakini Magubane akaagiza aitwe mwenyewe. Hapo angeshtuka mtu yeyote mwenye akili, lakini Vikizitha alikuwa anapenda.

Akakuta ua umejaa, mbuzi amechinjwa, pombe ya mtama inazunguka. Viti vya mbele wamekaa Mabaso, mwenye mabasi, mwenye bucha, mwalimu mkuu, na sajenti wa polisi na sahani yake mapajani.

"Majirani," Magubane akasema, "kijana ameleta ng'ombe wazuri. Mimi nimechunga wilaya hii tangu sijavaa suruali. Nikimwona ng'ombe, mama yake namjua. Hawa mama zao nawajua wote. Basi nauliza, nani anamtambua wake hapa?"

Jike moja jeupe, lenye madoa masikioni, likatoka kundini taratibu, likaja kumlamba Mabaso mkono.

"Mntungwa, huyu anakujua."

"Ananifananisha," akajibu Mabaso.

Magubane akacheka mpaka akafuta machozi. "Jamani, habari za mababu mitini zimenifikia. Baba wa babu yangu mimi alikimbia. Alitupa ngao akakimbia mpaka Nkandla, na huko ndiko alikompata bibi. Wengi waliosimama wamelala kule kilimani, hawakuacha hata mtoto. Sisi tunaokula mbuzi hapa ni wajukuu wa mbio. Haya, semeni, ng'ombe wa nani?"

Mlango wa kusema kweli mzee alikuwa amewafungulia wazi. Mabaso akamtazama ng'ombe wake, akawatazama watu.

"Wetu hakukimbia," akasema.

"Wala wetu," akasema mwenye mabasi.

Magubane akamgeukia Vikizitha. "Basi niambie wewe, mwanangu. Uliwanunua kwa nani?"

Sajenti akaacha kutafuna.

"Niliwakuta njiani, baba."

"Ahaa, wamepotea! Ng'ombe aliyepotea hukaa pale alipofikia mpaka mwenyewe ajitokeze. Sajenti, si ndivyo?" Sajenti akaitikia kwa kichwa. "Watakaa kwangu. Na mahari yako tunaisubiri, jua bado liko juu."

Hapo ndipo Vikizitha alipoelewa. Mzee alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na binti bado anaye.

Zibuyile akaja kutoka jikoni na chungu cha pombe mikononi, ushanga wa uchumba aliovaa kwa ajili yake ukiwa shingoni. Akasimama mbele yake, macho yamelowa.

"Viki, sema kweli mbele ya watu. Wakikufunga nitakungoja. Naapa nitakungoja."

Vikizitha akamtazama Zibuyile. Akamtazama sajenti. Ulimi uliokuwa umewapandisha mitini mababu wa mji mzima ulikuwa mkavu kinywani.

"Siwajui hawa ng'ombe, Zibu."

"Haya," akasema Zibuyile. "Na mimi usinijue."

Akazunguka nyuma ya nyumba, akawapelekea pombe washenga wa yule mwalimu wa Empangeni, ambao walikuwa wamekaa huko tangu asubuhi.