Jogoo Aliyepakwa Majivu

Jumamosi, 10 Februari

Sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, maana sijui kama ni dhambi: nampenda Bryson. Ndiye mpiga kinanda wa kigango chetu hapa Nambis. Hajawahi kunisemesha. Wala mimi sijamsemesha. Tangu nimalize kidato cha nne, kazi yangu kila Jumapili ni kukaa benchi la nyuma yake na kutazama kisogo chake. Kisogo kizuri!

Tatizo ni Erica wa sauti ya pili kwenye kwaya. Leo kisimani katangaza kwamba siku ya Valentine atampa Bryson kadi inayoimba ukiifungua. Kaiagiza Arusha. Mimi nina nini? Nina aibu.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya ibada, Mwalimu Sylvester, katekista wetu, alitubakiza vijana. Alisema mwaka huu Valentine imeangukia Jumatano ya Majivu, na Mungu hajakosea kalenda. Kwamba huyo Valentino alikuwa padre aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani, hakuwa muuza chokoleti. Kwamba upendo wa Kikristo si kuvaa nyekundu siku moja na kununiana mwaka mzima. Ni kumtendea mtu jema, na usitake ajue ni wewe.

Erica akauliza, je, kama kadi inaimba wimbo wa dini? Mwalimu akasema basi iachwe nyumbani iimbe na kuku.

Nilitaka kuruka! Erica kazuiwa. Halafu hilo la kutenda jema bila kujulikana! Kwa mtu mwenye aibu kama mimi, dini hii imeshonwa kwa vipimo vyangu. Nitatenda jema. Bryson hatajua ni mimi. Ila atajua. Moyo utamwambia.

Jumatatu, 12 Februari

Nimetafuta ua jekundu kutwa nzima. Waridi, Nambis? Kuna maua ya maboga na maua ya viazi. Nani kapendwa kwa ua la kiazi?

Jioni Mungu kanionyesha. Jogoo wa shangazi Tekla! Mwekundu kama pilipili, na ana sauti. Nitampeleka mzima, ili Bryson asile nyama siku ya mfungo. Nimefikiria kila kitu! Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea, nitamwambia kapita kicheche. Si uongo kamili. Vicheche hupita.

Jumanne, 13 Februari

Nimefanya! Bryson anaishi na babu yake tu, Mzee Gidabuday, mgane aliyepanda huku milimani na ng'ombe wake kutoka Gendabi. Nimekuta wako malishoni. Nikamfunga jogoo kwenye nguzo ya mlango, shingoni nikamvalisha utepe mwekundu. Kanidonoa vidole vyote vya mkono wa kulia. Nimevumilia. Wafiadini walivumilia zaidi.

Shangazi kaniuliza jogoo yuko wapi. Nikasema kicheche. Kanitazama vidole, kaniambia nipake mafuta.

Jumatano, 14 Februari. Majivu

Nife leo! Nizikwe leo!

Misa imeanza, mlango ukafunguliwa. Mzee Gidabuday. Shuka jipya, fimbo mkononi, jogoo kwapani. Akakaa nyuma ya shangazi Tekla. Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama. Ndipo nikakumbuka.

Kitambaa! Kila nyumba hapa huwafunga kuku wake kitambaa mguuni wasichanganyike na wa jirani. Chetu ni kipande cha kitenge cha kijani, gauni la zamani la shangazi. Kijiji kizima kinakijua. Mimi nikashughulika na shingo, nikasahau mguu!

Kwa hiyo mzee kaona hivi: mjane Tekla kamletea jogoo wake mwenyewe, tena kwa siri, tena kavalishwa utepe.

Wakati wa majivu mzee akapanga mstari na jogoo wake. Mwalimu Sylvester alikuwa anamsaidia padre kupaka, na miwani kaisahau nyumbani. Yeye alikuwa anaona vichwa tu vikija. Akampaka mzee. Akampaka jogoo. Akamwambia jogoo kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi.

Jogoo akawika.

Erica kacheka mpaka katolewa nje. Bryson kabonyeza kinanda kwa kiwiko. Shangazi akageuka, akaona kitambaa, akamtazama mzee. Na Mzee Gidabuday, mtu anayefukuza fisi kwa fimbo, akainamisha macho kama mwali!

Alhamisi, 15 Februari

Wamekuja. Mzee Gidabuday na mzee mwenzake, na kibuyu cha asali ya posa. Mwenzake ndiye aliyesema. Kwamba ndugu yake hapendi mwanamke wa maneno mengi, na huyu kasema yote bila kufungua mdomo. Kwamba mzee atabatizwa Pasaka, kwa hiyo hata kwa padre njia iko wazi.

Shangazi akaja jikoni. Akaniambia, "Genoveva, mimi nimezeeka, lakini sijawahi kuona kicheche anayefunga utepe." Nikatazama sufuria. Nikisema ukweli, kijiji kitajua ya Bryson. Nikinyamaza...

Nikinyamaza! Ndipo hesabu ya ukoo ikanigonga kichwani. Shangazi akiolewa na babu wa Bryson, anakuwa bibi yake Bryson. Mimi ni mtoto wa shangazi kwa kulelewa. Basi mimi nakuwa shangazi yake Bryson! Kisogo chote kile kimekwenda!

Nikaamua kusema. Nikamfuata shangazi uani, nikafungua mdomo. Alikuwa anachambua maharage, anaimba. Sijamsikia akiimba tangu marehemu mumewe azikwe. Nikasimama. Nikafunga mdomo. Nikarudi jikoni.

Mimi ni mwoga wa mwisho. Hata kumharibia mtu harusi nimeshindwa.

Jumamosi, 17 Februari

Shangazi kaikubali posa. Leo Bryson kaja kuleta maziwa kutoka kwa babu yake. Kasimama mlangoni, kavua kofia, kanitazama usoni. Neno lake la kwanza kwangu tangu tuzaliwe:

"Shikamoo, shangazi."

Ulimi ukajibu wenyewe. Marahaba! Kaniuliza kama kuna kuni za kupasua. Kapasua, kaaga kwa heshima, kaondoka. Nimelia nyuma ya banda hadi mbuzi wamenisogelea.

Halafu nikafikiri vizuri. Huku kijana haoi bila shangazi yake kuulizwa. Shangazi akikunja uso, posa inarudi ilikotoka. Na shangazi ni nani? Ni mimi!

Jioni kaja Erica. Kaniamkia shikamoo, na yeye kanizidi umri! Kasema amesikia mimi sasa ni mkubwa, anaomba nimkumbuke kwa Bryson. Nikamwambia aoshe kwanza masufuria, tabia huonekana jikoni. Kaosha yote. Hata lile lililoungua.

Nitamkataa. Na atakayefuata nitamkataa. Mmoja nitasema anacheka sana, mwingine hacheki kabisa. Mwalimu alisema upendo una subira. Ninayo! Siku moja Bryson atageuka na kuona amebakiwa na nani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba, mambo haya yafe kwako. Usimwambie shangazi, usimwambie padre. Tukikutana njiani, niamkie tu kama watu wengine, upite.