Ombi la Kurudishiwa Mtoto Wetu Mkaidi

Kwako Daktari wa Watoto, chumba chenye pazia la samaki,

Pokea heshima zangu nyingi. Mimi ndiye mama mlezi wa Injini, mtoto aliyeachwa na marehemu wifi yangu. Ukoo umekaa kikao sebuleni kwangu, wakanituma nikuandikie kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wanaomba umfute kwenye orodha ya kliniki. Malalamiko ni haya:

1. Tulikuletea mtoto mkaidi, wewe ukasema si mkaidi, ni ubongo wake ulioguswa na pombe akiwa bado tumboni. Sasa mashangazi waliokuwa wakija kila Jumapili kunifundisha kushika fimbo wamekosa kazi. Wanakuja, wanakunywa chai, wanatazamana.

2. Ulituambia tumwagize jambo moja moja: kwanza shati, likishavaliwa ndipo viatu. Mume wangu kaipenda hiyo dawa! Nikimwambia aoshe vyombo na afagie, ananijibu hayo ni mawili, daktari kakataza.

3. Zile picha za ratiba ulizotupa tulizibandika ukutani. Jana bibi yake kaketi kula kabla ya kunawa. Injini akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye picha ya bomba, akasimama kumngoja. Mama mkwe wangu mzima, kanawa mbele za watu!

4. Hili ndilo limewauma kupita yote. Siku ile tulijazana chumbani kwako tukitaka kusikia unavyomsema marehemu kwa ulevi wake. Hukumsema hata kidogo. Ulituuliza tu, mtoto huyu anapenda nini? Ukoo mzima ukabaki kuangalia dari.

Kwa hiyo tuachie ukaidi wetu, tulishauzoea. Shangazi mkubwa anasema yeye kakuzwa kwa fimbo na hana kasoro yoyote. Kalisema hilo huku akitafuta miwani aliyoivaa.

Wote hapa wanakusalimu, wewe na nesi wa mizani, na yule mlinzi anayempigia Injini saluti getini.

Wako mtiifu kwa niaba ya kikao,
Mama Injini

Nyongeza: Daktari, wametoka kutafuta bahasha, naandika mbiombio. Usimfute, nakusihi! Alhamisi, siku yetu ya kliniki, utatukuta kwenye benchi kabla hujafungua mlango. Aliyewatuma bahasha ni bibi yake Injini, tena kawaelekeza duka la mbali kabisa. Yuko hapa begani kwangu ananihimiza, anataka nikuulize kama na yeye anaruhusiwa kuingia.