Chumvi ya Limau na Meza ya Bi Badriya

Jumapili, 2 Februari 2014

Birika la Bi Badriya limefanya ukoko. Nimeliona mwenyewe leo, nilipopita nyumbani kwake ghorofa ya chini kumjulia hali. Birika la umeme, ndani jeupe kama limepigwa chokaa. Chai ikaja na vigamba vinaelea. Nikavinywa. Mtu mzima humeza mengi.

Jirani yetu Marhun alikuwepo, kama kawaida yake, amekalia kiti ninachokipenda, na kasha lake la tende mapajani. Alisema birika hilo litupwe, yeye ataleta jipya. Nikasema litupwe kwa nini, mimi nitalisafisha. Kwa kitu gani, sikujua.

Jambo lenyewe nitaliandika mara moja tu. Mkataba wa nyumba ya Bi Badriya unakwisha mwisho wa mwezi, na bintiye, Maram, anamwita Maskati akaishi naye. Yeye mjane, mimi mgane. Nataka kumposa asiondoke. Nimetaka tangu mwaka juzi. Lakini utaanzaje, na Marhun ameshatangulia na tende?

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda soko la viungo, Deira, hapa hapa Dubai. Nimepata dawa. Waarabu huiita chumvi ya limau, ingawa si chumvi hata kidogo. Jina lake la kitabuni ni asidi ya sitriki. Punje nyeupe, weka moja ulimini, macho yanafumba yenyewe. Imo kwa wingi katika ndimu na limau, kiasi katika chungwa, hata katika nyanya imo. Viwandani siku hizi hawakamui matunda. Humlisha kuvu sukari, naye kuvu akawatengenezea. Ndiyo iliyomo katika soda, katika jamu, katika vile vidonge vinavyochemka glasini. Na inakula ukoko wa birika.

Hayo yote nimeyasoma katika kitabu changu cha kemia, uso mmoja wa karatasi. Kabla sijafunua wa pili, usingizi wa mchana ulinichukua.

Nilipoamka nilifungua mfuko nikaunusa. Hauna harufu. Nilitazamia kunusa ua wetu wa Unguja, ndimu zimeanguka chini na hakuna wa kuziokota. Nilisahau kwamba harufu imo katika ganda. Asidi yenyewe hainuki kitu. Nimekaa na mfuko ule mkononi muda mrefu, mzee mzima, nanusa hewa.

Jumanne, 4 Februari

Ushindi. Kijiko cha chumvi ya limau, maji, nikaliwasha birika likachemka. Ukoko ulitoa vipovu, ukalegea, ukaisha. Ndani kukawa kioo. Bi Badriya alijitazama humo, akarekebisha mtandio wake, akasema mashallah, Bwana Humam, kumbe una mkono.

Marhun akauliza tangu lini Profesa, ndivyo anavyoniita, amekuwa fundi wa mabirika, na kama nachukua na masufuria. Nikamjibu kwamba elimu haina chombo cha kudharau. Jibu zuri. Nililifikiria njia nzima ya kupanda ngazi, nikasikitika kwamba Bi Badriya alikuwa jikoni hakulisikia.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusema neno langu. Sikusema. Niliona niongeze jambo moja kwanza.

Jumatano, 5 Februari



Jambo la kuongeza lilikuwa dele lake la kahawa. Shaba imefifia. Sasa, nani kati yetu hakusugua dele kwa ndimu na chumvi kuamkia Idi? Nilibeba ndimu zangu, na mfuko wa dawa kwa ajili ya kuongeza nguvu. Bi Badriya aliingia ndani kuswali Alasiri. Mimi nikakaa kwenye meza yake nikasugua.

Meza yenyewe ni ya marumaru, ya duara. Babake aliitoa Unguja melini, imefungwa kwa magodoro, wakati watu wengine walitoka na nguo za mwilini. Juu yake Bi Badriya alisomeshwa alifu, akiwa mtoto.

Dele likang'aa kama jua. Maji ya ndimu yakadondoka mezani, na palipodondoka pakafanya vipovu, kisha pakawa peupe. Nikasema moyoni: tazama uchafu wa miaka unavyotoka. Nikaona haifai kuacha meza na madoadoa. Nikakoroga unga wote uliobaki, nikaipaka meza nzima, nikangoja.

Nilipofuta, mng'ao ulikuwa umekwenda. Meza imekuwa kama ubao wa chaki. Katikati umebaki mviringo mmoja unaong'aa, palipokuwa na kitako cha dele.

Bi Badriya alitoka na mswala begani. Alipitisha kiganja juu ya meza, polepole, kama anayetafuta kitu gizani. Akasema, “Haidhuru, Bwana Humam.”

Mwanamke wa Unguja akikwambia haidhuru, ujue imedhuru.

Alhamisi, 6 Februari

Nimesoma uso wa pili wa karatasi. Ukoko wa birika na marumaru ni kitu kimoja: kalsiamu kaboneti. Na chokaa, na ganda la yai, na gamba la chaza. Ukoo mmoja. Asidi ya ndimu haichagui mtoto wala mjukuu. Vile vipovu havikuwa uchafu. Ilikuwa meza yenyewe inapanda hewani.

Binti yangu Masuda amepiga simu kutoka Al Barsha. Habari zimeshamfikia, Marhun ana ulimi kuliko redio. Alisema, “Baba, mwanamke haposwi kwa birika. Haposwi kwa dele. Huposwa kwa kuposwa.” Nikamwambia nilikuwa natayarisha njia. Akaniuliza njia gani ya miaka miwili.

Nikasema simu inakatika, nikaikata mwenyewe. 

Nimemwona Maram dirishani leo, amefika na gari kutoka Maskati. Anapanga maboksi.

Jumamosi, 8 Februari

Posa haipelekwi na mwenyewe. Hupelekwa na mtu mzima anayeheshimika nyumba zote mbili. Nimewapitia niliowajua. Mmoja kahamia kwa mwanawe, mmoja hasikii, waliobaki nimewazika. Jengo zima, mtaa mzima, mtu anayefaa ni mmoja.

Nimekwenda kwa Marhun. Nimekaa kitini pake, nimekula tende zake. Nikamwambia najua ninamwomba jambo zito, kwamba yeye mwenyewe ana nia na Bi Badriya, na kwamba akikataa sitamlaumu.

Marhun akanitazama mpaka tende ikanikwama. Halafu akacheka hadi akavua miwani. Akasema, “Profesa, mimi na Badriya tumenyonya ziwa moja. Mama yake ndiye aliyeninyonyesha mama yangu alipougua. Ni dada yangu huyo. Nimuoe niende motoni?”

Miaka miwili nimeshindana na shemeji yangu.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuulizwa, na kwamba alikuwa anafurahia kuniona nikikazana.

Jumatatu, 10 Februari

Marhun amerudi na jibu. Alikunywa maji kwanza, makusudi. Kisha akataka na kahawa.

Bi Badriya amekubali. Amemwambia bintiye arudi na maboksi yake. Alimwambia Marhun kwamba alingoja neno hili siku zote nilizokuwa nikimtengenezea vitasa na mapazia, na laiti ningelileta mapema meza ya babake ingesalimika. Marhun anasema hapo alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Halafu akatoa sharti. Moja. Kitu chake chochote, kikubwa au kidogo, nisikisafishe. Akisikia harufu ya ndimu tu mlangoni, ataondoka kwenda Maskati siku hiyo hiyo. Marhun aliniapisha. Nikaapa. Na niliapa kwa moyo. Nimejifunza. Somo hili limeingia katika mfupa.

Pete itapelekwa Ijumaa.

Jumatano, 12 Februari

Nimeitoa pete ya marehemu mama. Lulu yake ilizamiwa Ghuba hii hii, ikavuka hadi Unguja kidoleni mwa bibi yangu, ikarudi huku mfukoni mwangu siku tulipotoka. Hakuna kingine nilichonacho cha nyumba ile. Bi Badriya ataijua mara moja thamani yake.

Tatizo ni moja. Imepiga umanjano.

Nimekifungua tena kitabu, na safari hii nimesoma nyuso zote mbili, kwa miwani. Kinataja marumaru. Kinataja chokaa, ganda la yai, gamba la chaza. Lulu hakikuitaja popote. Na lulu si gamba. Lulu ni kile kilichomo ndani ya gamba, jambo jingine kabisa.

Nimeitia katika bakuli la maji ya moto, vijiko vitatu vya chumvi ya limau ya mfuko mpya, nimefunika kwa kisahani. Nakwenda msikitini, kisha kwa kinyozi. Kiapo hakijaguswa. Pete si yake mpaka Ijumaa.