Haji Mitwalli Aliniambia Niache

Jumapili, 2 Februari

Nimeshindwa! Wazo langu la tangazo la kadi ya mkopo limekataliwa na ofisi nzima. Kadi ya dhahabu inapaa juu ya Nile, mwewe anaifukuza, wacheza ngoma hamsini wanaimba. Inji, mtunzi mwenzangu, akauliza, kwa upole wake wa kuudhi, mwewe anataka kununua nini. Wakacheka mpaka mpika chai.

Kisha akasoma lake. Marafiki wawili wazee mkahawani, kila mmoja anataka kulipa. Wanavutana, wanaapa, wanakimbizana kuzunguka meza. Basi. Dakika ya kwanza nililichukia. Ya pili nikamwona marehemu baba na ami yangu, shati la mmoja limechanika kwa kugombea kulipa. Machozi yakanilengalenga. Binti ana kipaji, Mungu amhifadhi. Simpendi.

Mwisho tu hana. Bosi wetu, Ustadhi Shukri, aliuliza kadi inaingia wapi. Inji akasema itakuja.

Tatizo langu ni mama. Nimemwambia tangazo la kwanza kwenye televisheni baada ya adhana ya magharibi, Ramadhani mosi, litakuwa langu. Naye kaliambia jengo zima hapa mtaani Shubra.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata njia! Nimejitolea kutafuta mkahawa wa kupigia picha. Jina langu litaingia kwa mlango wa nyuma.

Nikaenda kwa Haji Mitwalli, muuza kababu. Nikauliza bei ya siku moja. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Acha tu, ustadhi, hii juu yetu." Kila mtoto wa Kairo anajua kinachofuata. Unakataa, anakataa, unakataa tena, mara ya tatu anataja bei. Mimi nikaacha. Nilimshika mkono, nikamwombea dua, nikatoka mbio.

Ofisini nikatangaza kwamba ni bure. Ustadhi Shukri akanipiga begani, akasema kumbe ofisi ina mwanamume. Inji akaniuliza kama nilikataa mara tatu. Wivu huo!

Jumatatu, 17 Februari

Balaa! Tumefika na taa, kamera na waigizaji. Haji kasimama mlangoni, kijiti cha mishikaki mkononi. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu anayeambiwa acha, akaacha. Hata mkwewe hakuthubutu!

Ustadhi Shukri, mwekundu kwa aibu, akatoa bahasha. Lo, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Haji akaapa kwa talaka kwamba mkono wake ukigusa pesa hiyo, mama watoto si mkewe tena. Bosi akamtia bahasha mfukoni. Haji akaikung'uta ikaanguka. Bosi akaichomeka kwenye kola. Wakazunguka jiko la makaa, wazee wazima, wakihema. Mke wa Haji akatoka jikoni, mikono kiunoni, macho kwenye bahasha. Ndoa ya miaka arobaini ilikuwa inaning'inia pale! Mimi kwa hofu nikajikuta natafuna mbavu za kuchoma za wenyewe.

Inji hakupiga kelele. Alimgusa mpiga picha begani, kamera ikawaka. Akatembea taratibu mpaka kaunta, akatoa kadi, akaigusisha kwenye mashine ya malipo. Tiit!

Wazee wakaganda. Haji akatazama viganja vyake, pande zote mbili. Vitupu. Kiapo kizima, ndoa nzima, na kalipwa! Mkewe akapiga kigelegele mpaka barabarani wakasimama.

Waigizaji wakarudishwa kwao. Nilimpigia Inji makofi mpaka mikono ikaniuma. Sikuweza kujizuia.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani mosi. Majirani wote wamejaa kwa mama. Adhana, tende, supu ya dengu. Kisha tangazo.

Vijiko vikabaki hewani. Hakuna wimbo, hakuna dhahabu, kadi yenyewe inaonekana sekunde moja tu. Ujasiri gani huo! Wazee wanazunguka jiko, tiit, viganja vitupu, kigelegele, na maneno mawili, "Mkono haukushika." Jengo likacheka mpaka kuta zikatetemeka. Kutoka baraza ya jirani mwanamke akajibu kigelegele kwa kigelegele. Niliona fahari, kama vile nimelitunga mimi.

Kisha mama akauliza yule pale nyuma, anayetafuna mbavu wenzake wakishikana mashati, si mwanawe? Nilikuwa mimi. Na mafuta kidevuni. Jirani wa ghorofa ya tatu akaomba dua tangazo lirudiwe, likarudiwa.

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, kweli wewe ndiye uliyelifanya hili?"

Nikamjibu kwamba ugomvi wote niliuanzisha mimi. Akanibusu kichwa.

Jumapili, 2 Machi

Nimekuwa mashuhuri! Mtaani wananionyesha kwa vidole, watoto wananifuata wakijifanya wanatafuna. Inji kapandishwa cheo, na anastahili. Nimemwandikia wazo jipya la Idi. Mwewe wawili.

Nilikwenda kunyoa. Nikauliza kiasi gani. Kinyozi akaweka mkono kifuani, akasema, "Acha tu, ustadhi, juu yetu."

Nikaacha. Alinifuata mpaka njia panda, wembe mkononi, akiita jina langu. Watu wanavyonipenda sasa!